Kwale Asiye na Jicho

Kisu cha kwanza alikinunua mama, Iringa mjini,
mwaka ule barabara ya Kilolo ilipokatika mara mbili.
Chapa Kwale. Ndege amegongwa kwenye ubapa,
mdogo kama ukucha wa mtoto, lakini ana jicho,
ana vidole, ana hata manyoya ya mkia.
Miaka kumi na tisa nilikinoa kwa jiwe la mtoni
mpaka kikabaki chembamba kama mwezi mwandamo,
na bado, asubuhi na jioni, kilipita kwenye ncha ya mlanzi
bila mlanzi kushtuka.

Hivyo ndivyo unavyotaka kukatwa:
unene wa ganda la kitunguu, si zaidi,
jeraha liwe safi, utomvu ushuke kwenye mbeta
ukiwa mtamu, ukiwa haujui kwamba umeumizwa.

Kikaangukia korongoni, masika.
Tangu hapo nimenunua vitatu.
Kwale yuleyule, bei mara nne, mpini mwekundu unaong'aa.
Cha kwanza ribiti zililegea kabla ya Kwaresima.
Cha pili kilipinda kwenye boga.
Boga, jamani.
Hiki cha tatu hakikati, kinatafuna;
mlanzi unachanika nyuzinyuzi, unaziba,
nzi wanajaa kabla ya mbeta.
Nikakisogeza dirishani: kwale hana jicho.
Muhuri umechakaa, wao wanagonga tu.

"Vyote viko hivyo," akasema Nyalusi wa dukani,
akanifungulia boksi zima nijionee.
Ndege arobaini na wanane, vipofu.

Nakuwaza wewe, sikujui jina,
uliyekuwa ukikaa mwisho wa meza kule kiwandani,
ukikishika kila kisu, ukikipitisha kwenye ukucha wa dole gumba,
ukisema hiki kiende, hiki kirudi motoni.
Ulistaafu? Walikuondoa?
Au siku moja ulichoka tu, ukaviacha vipite,
ukangoja mtu aje kulalamika, asije?

Wahenga walimsema mgema:
akisifiwa, tembo hulitia maji.
Nyie mlisifiwa, mkaikosea hata dhambi yenyewe.
Chuma ndicho kilichotaka maji,
kikitoka motoni chekundu kilie shiii, kikaze.
Hicho mkakinyima.

Ningeishia hapo na haki yangu yote mkononi.
Lakini harusi ya binti wa Kihwele, Februari,
watu walinisifu kwelikweli, na ndoo mbili hazikutosha,
na kisima kiko hatua ishirini kutoka kilabuni.
Hakuna aliyegundua. Labda Sevelina,
aliyeonja, akanitazama, akaweka kikombe chini,
akaenda kucheza.

Juzi nimempelekea mhunzi wa Kidabaga
kipande cha springi ya lori.
Amekigonga kwa nyundo, akakisikiliza, akakubali.
Nirudi Alhamisi.
Kwa sasa namnoa kipofu wangu kila alfajiri,
mara kumi kwa mlanzi mmoja, vidole vimekufa ganzi kwa ukungu,
na nikifika kilabuni namimina cha Sevelina kwanza,
nausubiri uso wake.