Kura ya Goti

Ghala la Doncaster, saa kumi na mbili asubuhi, zamu imekwisha.
Gareth kachora ubaoni kwa kalamu nyekundu:
oda moja, mtu mmoja;
au oda kumi toroli moja;
au kila mtu na kanda yake, boksi lipite kwenye mkanda.
"Chagueni," akasema, kama anayegawa chai.

Mimi nimezoea oda moja.
Jana usiku: nepi, chupa ya maziwa,
kofia ya sufu ndogo kama chungwa.
Nikajua iko nyumba haijalala.
Nikaifuata kofia hadi safu ya arobaini na mbili,
nikarudi ya tatu kwa nepi.
Hatua elfu thelathini na moja;
saa ya mkononi ikanipongeza, mpumbavu yule.

Kwenye kanda nitapewa soksi.
Soksi tu, hadi Krismasi.
Boksi la mtu litanifikia nusu,
litaondoka sijamjua.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni bado
Halina aliposhika rafu ili ainuke,
na goti lake likalia kama mbuzi ya nazi.
Miaka kumi na minne analitembeza kwenye saruji.
Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga;
hawakuvaa mashine ya kuhesabu sekunde.

Kanda, nikasema. Nikanyoosha mkono.

Gareth akafuta ubao kwa kiganja.
Nje, barafu imeziba vioo vya magari.
Halina alikuwa na kikwangulio.
Akaanza na kioo changu.