Mahojiano, Isevya

Mtangazaji anauliza: wimbo mpya una upya gani?
Ndalahwa anakaza uzi wa zeze
(siku hizi ni waya wa breki ya baiskeli).
"Mimi. Sijawahi kuimba nina miaka sabini na moja."

Nyamizi anacheka, manyanga yanacheka naye mapajani.
Miaka arobaini wamelipwa kwa debe la asali,
kwa mbuzi aliyefia njiani kutoka Sikonge,
mara moja kwa hundi.
Hundi bado ipo sandukuni.

"Na mlijifunza wapi?"

Kimya. Redioni kimya ni hasara.
Treni ya Mpanda inapiga honi,
inaingia yote kwenye kinasa sauti;
kijana ananyoosha mkono afute.

"Iache humo," anasema Ndalahwa.
"Hiyo ndiyo iliyoanza.
Mimi nilikuwa naijibu tu."