Kwa Herufi Kubwa

Meza yangu ina miguu mitatu na tofali moja,
nyuma ya Nyayo House, upande wa jua la asubuhi.
Najaza fomu. Shilingi mia mbili,
mia tatu kwa aliyefiwa, maana viambatisho huongezeka.
Meza yenyewe haina kibali;
kanjo wakitokea, ofisi naikunja kwapani.

Alikuja Jumanne, manyunyu yakianguka,
Nabintu M'Rusagara, mzaliwa wa Bukavu, dobi wa Pangani,
vyeti ndani ya mfuko wa unga
na mfuko wa unga ndani ya mwingine.
Mwaka wa kuingia nchini?
Hakutaja mwaka, alitaja mtoto:
wa pili alikuwa anaota meno.
Nikahesabu kurudi nyuma. Miaka kumi na tisa.

Anwani ya makazi. Alizitaja nyumba saba,
kila moja na jina la aliyemtoa.
Kisanduku kina nafasi ya nyumba moja.

Sababu za kuomba ukaazi wa kudumu:
mistari miwili ya nukta nukta.
"Andika: naikalaka hapa."
Nikamwambia hiyo ni hali, mama, si sababu.
Akanitazama kama anavyotazama doa sugu.

Sehemu ya saba. Wengi huandika LA bila kusoma.
Je, una jamaa mwenye ukaazi wa kudumu nchini?
"Eee. Mmoja. Bwana yangu."
Nikauliza namba ya cheti. Akapekua,
akatoa risiti ya makaburi ya Lang'ata.
La muda lilikuwa rahisi, akaeleza,
ila la muda miaka ikipita wanamlaza mwingine juu yako.
Kwa hiyo alifua, kanisa likachanga, akafua tena,
akanunua la kudumu. Muhuri upo. Tarehe ipo.
"Yeye hawatamuambia tena atoke."

Kalamu hii imeandika mengi:
harusi zisizopikiwa hata sufuria ya chai,
wajomba waliozaliwa asubuhi hiyo hiyo.
Hapo ilisita.
Kisha nikaandika NDIYO,
nikanakili namba ya kaburi polepole,
kila sifuri nikiifunga vizuri.

Saa nane alirudi. Mashine imekataa vidole.
Vyote kumi, mara nne nne, na kioo kinaonyesha ukungu.
Kijana wa dirisha la tisa hakumkaripia,
alisema kwa upole kwamba vimefutika,
apumzike kufua majuma mawili, ngozi irudi.
"Majuma mawili nitakula nini? Vidole?"
Hakulia. Alinionyesha tu,
laini kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini.

Mashuka ya watu, kola za watu,
nepi za watoto ambao leo wana pasipoti:
alama zake ziko huko, makabatini, Ngara na Parklands,
zimepigwa pasi, zimekunjwa.
Sina fomu ya kuzidai.

Mwezi uliofuata nilimwona akivuka barabara
mikono ikiwa ndani ya soksi, mafuta ya mgando yakivuja.
Kidole kidogo cha kushoto kilikubali.
"Kile hakinaka kazi," akacheka, nikaona pengo.
Wamempa karatasi: asubiri kuitwa,
asipoitwa baada ya miezi sita aje kuuliza
kwa nini hakuitwa.

Alikuwa akifungua fundo la leso anilipe
filimbi ilipolia kona ya posta.
Akashika mguu mmoja wa meza, mimi miwili,
fomu za watu nikazibana menoni,
tofali tukaliacha
na tukakimbia.