Mama Hupanda Polepole

Profesa Oyarzún ana masharubu kama ufagio,
na muhula mzima wa kwanza nusu ya jiolojia
ilibaki humo ndani pamoja na makombo ya mkate.
Midomo naisoma tangu nina miaka minne,
lakini nani asome kitabu kilichoota kichaka?

Kwa hiyo nilikuwa na Fresia.
Alisimama pembeni mwa ubao, shati jeusi,
na volkano zilitoka viganjani mwake.
Matabaka ya dunia aliyakunja kama shuka la hospitali.
Tetemeko lilipoingia kwenye somo,
mabega yake yalitangulia.

Mwezi wa tatu ofisi iliniita.
Kisanduku cheupe, karatasi ya kutia sahihi,
miwani nyepesi kuliko kijiko cha chai:
kila kisemwacho kingepita mbele ya macho yangu
kwa herufi za kijani, papo hapo.
Wakanipongeza. Nikatia sahihi.
Hakuna aliyesema kwamba mtu na kioo
vilikuwa vimepimwa kwenye mzani mmoja.
Hilo nililisoma mwenyewe, bila miwani,
pale pembeni mwa ubao, mahali patupu.

Sikio halilali njaa, husemwa.
Langu lilifunga miaka kumi na tisa,
na siku ile likapakuliwa vyote kwa mkupuo:
kiti kinaburutwa, mvua juu ya bati, kikohozi,
Gaspar, safu ya nyuma, anamuuliza mwenzake
kama mimi nina mtu.
Mwenzake anajibu, "Utamwambiaje?"
Maneno yakapita juu ya kidevu cha profesa,
juu ya ramani ya mto Calle-Calle,
nami nikageuka, nikawatazama
mpaka herufi zikaandika: kimya.

Sisemi ni mbaya. Nilijua sasa
mzaha unaanzia wapi; sikuwa tena wa mwisho kucheka,
kama mgeni aliyekuta sahani zinaoshwa.
Nilijua profesa huguna kabla ya kila neno gumu.
Nilijua mvua ya Valdivia haivuti pumzi.

Ila masharubu yaliishinda hata mashine.
"Magma," alisema, na kioo kikaandika:

*mama hupanda polepole, akitafuta ufa.*
*shinikizo la mama halipimwi moja kwa moja.*
*mama akipoa kabla hajafika juu, huwa jiwe.*

Nikatazama huku na huku. Wote walikuwa wakinakili.
Nikamwona mama jikoni kule Osorno,
mikono miwili ndani ya maji ya vyombo,
mikono ambayo daktari alimkataza kunisemesha kwayo,
eti nitakuwa mvivu wa kutumia ulimi.
Akatii. Mpaka leo tunaandikiana
migongoni mwa risiti za duka.
Sikusahihisha kitu. Kwenye daftari langu,
ukurasa mzima, mama anatokota chini ya Andes.

Jumamosi nilikwenda kwa Fresia.
Siku hizi hupaka watu rangi ya kucha sebuleni kwake.
Nilikuwa nimesahau kuivua miwani.
Nikamsimulia: mama, magma, ufa, jiwe.
Akatikisika mabega, akanitolea mama akilipuka
kwa vidole kumi, rangi nyekundu bado mbichi,
majivu yakitua taratibu juu ya chupa za asetoni;
kisha akanionyesha barua waliyomtumia,
mistari miwili, na namna alivyoisoma
akiwa amesimama kwenye foleni ya samaki.
Nami nikamjibu, naye akanijibu,
na kioo, kwa adabu zake zote, kikaandika: kimya.
Tulikuwa tukizungumza tangu saa nne.

Chaji imebaki theluthi.
Jumatatu kuna mtihani wa madini.
Nitaivaa.