Boya la Tatu

Saa moja asubuhi ukungu umekaa juu ya meli
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kulia kwetu kisiwa cha leo, kushoto kisiwa cha kesho:
maili mbili na ushei za maji, na siku nzima katikati.
Etta Uyagak alizaliwa leo.
Shangazi yake aliolewa kesho, kisha mpaka ukafungwa,
hakurudi hata kuchukua sindano zake.

Tumekuja kulitoa boya la tatu.
Mwaka mzima limesimama gizani, mita hamsini kwenda chini,
nanga yake gurudumu kuukuu la treni,
likipima kila nusu saa joto, chumvi, mwendo wa maji.
Halikuomba likizo.
Barafu ilichelewa, nalo likaandika imechelewa.
Nyangumi walipita wakizungumza mambo yao,
likaandika na hayo.

Dokta Tolland anashusha kipaza sauti majini, anabonyeza.
Mlio unateremka: hodi.
Tunasubiri.
Nipo, linajibu boya. Nimesimama wima.
Basi panda.
Nipo.
Panda, baba, baridi inatuua huku.
Nipo. Nimesimama wima.

Makombe yameota kwenye kufuli lake, nadhani.
Au limezoea.

Mlangobahari, tunasema, na watu hudhani ni neno tu.
Lakini ni mlango: kila tone la Pasifiki liendalo Aktiki
lazima lipite hapa, limuinamie yule jabali.
Zamani barafu ilikuwa komeo lake, Novemba hadi Mei.
Sasa mlango unabamizwa na upepo hadi Januari
na samaki wa kusini wanaingia bila kuvua viatu.

Etta ameajiriwa kuhesabu ndege.
Ana penseli, ana kofia ya manyoya, ana maneno machache.
Jana alihesabu kumi na wanne waliokufa, wanaelea
miguu juu, matumbo matupu.
Leo anamgeukia Dokta, hana salamu:
"Mwezi wa sita mdogo wangu Orville aliua walarasi.
Tumboni mna chaza, tele, bado wazima.
Ndiyo karamu yetu, tangu nina meno.
Nimewaweka kwenye friza. Tuwale?"

Maana kuna vijimea vyenye sumu, chini kwenye tope,
vimelala kama mbegu, maji yakipata joto vinaamka,
chaza anavila, walarasi anamla chaza,
na sisi.

Dokta anafuta miwani. Miwani haikuwa na ukungu.
"Sijui bado," anasema. "Sampuli iko maabara."
Etta anaandika daftarini: saa nne na dakika kumi,
upepo wa kaskazini, hajui bado.

Tukaburuta kulabu. Mara ya kwanza, tope.
Mara ya pili, tope na kiatu cha mtoto.
Mara ya tatu winchi ikaguna, kamba ikakaza,
na boya likatoka limevaa mwani kama bibi harusi wa kulazimishwa.

Tuliunganisha nyaya palepale, mikono imekufa ganzi.
Mistari ikatiririka kwenye kioo, Septemba, Oktoba, Desemba,
hadi tarehe tisa Februari.
Kisha sifuri. Sifuri. Sifuri.
Betri ya kipimo ilikata roho;
sehemu ya kuitikia hodi ndiyo iliyobaki hai.

Dokta akakaa juu ya ndoo.

"Februari mimi nilikuwepo," akasema Etta.
"Ya kumi siikumbuki, nilikuwa naumwa jino.
Ya kumi na moja maji yalipiga ngazi za shule.
Ya kumi na mbili Orville alikwenda barafuni na fimbo,
akarudi mbio, fimbo imebaki.
Nenda taratibu, nawe andika.
Na pale nisipojua, usijaze."

Dokta akatafuta kalamu.
Etta akampa penseli, ile ya ndege.