Vipimo vya Ayiko

Nilikuwa shahidi wa nne.
Nilivaa gauni nililojishonea usiku wa kuamkia kesi,
pindo limepanda upande mmoja; sikuliona mpaka nimesimama mbele yao.
Wakaniuliza kazi. Nikasema: cherehani,
barazani pa duka la chumvi, nyuma ya soko la Arua,
mwaka wa kumi na tisa sasa.
Wakaniuliza kama namjua mtoto.

Nikafungua daftari.
Ayiko wa Obitre. Darasa la pili. Shati la kijani.
Bega inchi kumi na mbili. Kifua ishirini na nne.
Mkono mfupi: hapo nimekata, nikaandika mrefu,
kwani baba mtu alitaka mrefu.
Jua la Machi, watoto wote viwiko nje,
yeye alitaka mrefu.

Siku ya kumpima nilipitisha tepu mgongoni
na mtoto akanywea kama konokono aliyeguswa pembe.
Chini ya kitambaa vidole vyangu vilikuta matuta.
Nikacheka. Nikasema, huyu ana mtekenyo.
Matuta sikuyaandika.
Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema.

Shati lilirudi mara tatu.
Mashati ya watoto huchanika kwapani, kiwikoni,
mfukoni penye gololi na karanga.
Hili lilichanika mgongoni, kwenda chini,
na fundi anajua mpasuko wa msumari
na mpasuko wa fimbo.
Nilishona. Nilitoza mia tano.
Mara ya tatu sikutoza kitu,
nikadhani huruma ndiyo hiyo.

Kisha redio, kabla ya matangazo ya vifo:
mtoto wa kiume, miaka minane, amepotea,
shati la kijani, mikono mirefu,
atakayemwona amrudishe kwa mzazi wake.
Kwa mzazi wake.

Tulimtafuta kando ya mto Enyau,
kwenye mashimo ya matofali, kwenye mabanda ya tumbaku.
Obitre alitangulia na tochi, akiita lile jina
ambalo kwa Kilugbara ni furaha,
akiita mpaka sauti ikakwaruza.
Nilimwonea uchungu. Mungu wangu,
nilimpa maji kwa mkono wangu.

Shati lilionekana siku ya sita,
juu ya jiwe, njia ya kwenda Ariwara,
limekunjwa, vifungo vyote vimefungwa,
kama mtu aliyesikia redio
akavua alichotajiwa.
Wengine wanasema alivuka mpaka.
Wengine hawasemi.

Mahakamani Obitre hakukana fimbo.
Alinyoosha mgongo wake, akasema:
mchelea mwana kulia, hulia yeye.
Mwendesha mashtaka, binti mdogo, miwani imefungwa kwa uzi,
akafungua faili, akalifunga.
"Na wewe, mzee, umelia lini?"
Feni ikazunguka. Karani akaacha kuandika.

Miaka saba, kwa mgongo.
Kwa mtoto mwenyewe, ushahidi hautoshi.
Hivyo ndivyo alivyosoma hakimu, polepole,
na mkalimani akatafuta neno, akakosa,
akarudia tu: hautoshi.

Daftari walinirudishia. Shati walibaki nalo, lina namba.
Ndani ya pindo lake niliacha inchi mbili za akiba
azikulie.
Hilo hakuna aliyeniuliza.

Februari hii wamekuja tena kwa sare.
Siku hizi nauliza kwanza:
naweza kukugusa mgongo?
Wengi hucheka, wananigeuzia, tayari wanaruka-ruka.
Jana mmoja, wa darasa la kwanza, alisema hapana.
Alisema kwa sauti ndogo, akitazama barabara.
Nje mama yake alikuwa anahesabu chenji.

Nikaweka tepu chini.