Kikao cha Ngazini

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Uitumbukizie tetri ishirini, ikohoe,
ndipo ipande kama shahidi aliyeburutwa mahakamani,
polepole, kwa kinyongo.
Ndivyo ilivyokuwa hadi Jumanne ya theluji ya kwanza
ilipokwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba
na Makvala na gunia lake la viazi.
Makvala tulimtoa. Viazi vilikaa humo siku nne.

Televisheni usiku ule ilikuwa na siasa zake:
wanaume wenye tai wakimwagiana maji bungeni,
mchambuzi akitabiri nani atammeza nani.
Nikaizima. Nilikuwa na kikao.

Tibilisi ina kumbi nyingi, sisi hatuna hata mmoja.
Tukakaa ngazini, makoti yakigusana,
mwenye goti bovu akapewa ndoo aikalie.
Mimi ndiye mshika daftari. Cheo kingine sina.

Akaanza Jumberi wa ghorofa ya chini:
"Mlango wangu unatazama barabara.
Lifti hiyo sijui hata harufu yake.
Nilipie nini?"
Kweli tupu. Nikaiandika.

Irodioni wa ya tatu alikuja na hesabu:
kila mtu alipe kwa kimo chake,
wa kwanza fungu moja, wa tisa mafungu tisa.
Hesabu haikuwa na kosa. Nayo nikaiandika.

Tekle, mwanafunzi wa ya tano, akauliza tu:
"Mwaka juzi bomba la maji taka lilipoziba,
uchafu ulifurika kwa nani?
Na alilipa nani?"
Jumberi akaangalia viatu vyake.

Hapo mtu akapaza sauti gizani
(taa ya ngazi nayo hujizima kila dakika):
"Acheni siasa! Tutengeneze lifti!"
Wakampigia makofi.
Kalamu yangu ikasita,
maana sikuwahi kuiona siasa karibu hivyo,
pua nyekundu kwa baridi, haina tai, haina ilani,
imekalia ndoo, inasubiri zamu yake ya kusema.

Alibaki Bi Tsiala wa ghorofa ya tisa,
miaka themanini na minne.
Aliye juu mngoje chini, walisema wa kale.
Tulimngoja. Magoti yake hayakusikia methali.
Basi akasema kutoka mlangoni pake,
na neno lake likashuka mdomo kwa mdomo,
la tisa kwa la nane, la nane kwa la saba,
likapita kwenye viazi,
likafika kwangu limeoga na kuchana nywele:
"Bi Tsiala amekubali kulipa."
Nikaandika.

Tekle hakuridhika. Akapanda mbio,
akarudi anahema, mkono ubavuni:
"Anasema alisema mkate.
Hana mkate tangu Jumanne.
Tena anauliza, nani aliyemsemea?"

Taa ikazima. Hakuna aliyeharakisha kuiwasha.

Tulipiga kura kwa mikono:
thelathini na mmoja, kumi na wanne.
Kila nyumba ilipe sawa, Bi Tsiala asilipe.
Jumberi alikataa, mkono juu kabisa, wote wamwone.
Kesho yake aligonga kwangu na sarafu kwenye soksi,
akazihesabu mezani moja moja,
kila moja na tusi lake,
hadi tetri ya mwisho.
Sijui neno la kumwita mtu wa namna hiyo.
Jengo limesimama juu yake.

Lifti sasa inapanda. Husimama ya saba bila kuitwa,
pengine kwa mazoea.
Nilimpelekea Bi Tsiala mikate miwili na daftari aweke sahihi.
Alivaa miwani, akasoma mwanzo hadi mwisho,
akaomba penseli.
Penye "amekubali" akapiga mstari,
juu yake akaandika kwa herufi za shule ya zamani:
*sikuulizwa*.
Kisha akakata mkate, akanipa kipande cha mwisho,
akauliza lile bomba tutalijadili lini.